Milima ya Mwisho wa Reli: Mgeni Anaiokoa Hifadhi au Anaihatarisha?

Wajerumani walipoifikisha reli Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, hawakubuni njia mpya. Kwa sehemu kubwa waliifuata ile iliyokuwa imekanyagwa na misafara kwa miongo mingi: kutoka Bagamoyo, kupitia Mpwapwa na Kilimatinde hadi Unyanyembe, ilipo Tabora ya leo, kisha kuvuka mto Malagarasi, kugusa chumvi ya Uvinza na kuishia Ujiji, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi waliijua njia hiyo kwa nyayo zao. Walipeleka vitambaa na shanga bara, wakarudi pwani na pembe za ndovu, na katika misafara hiyohiyo waliswagwa watu waliofungwa minyororo. Leo abiria anayepanda treni Tabora hupita Urambo, Kaliua, Nguruka na Uvinza, na kwa saa nyingi dirishani haoni ila miombo.

Kwa anayetaka kuona wanyama, mwisho wa reli si mwisho wa safari. Boti ikitoka Kigoma na kuelekea kaskazini, baada ya kilomita 16 hivi hufika Gombe. Ikielekea kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 120, hufika Mahale. Katika hifadhi hizi hakuna kuzunguka na gari kama Serengeti. Mgeni hupanda mlima kwa miguu yake mwenyewe, nyuma ya mwongozaji. Zote mbili zimepata sifa duniani kwa sababu ya mnyama mmoja, sokwe mtu. Na zote mbili zinakabiliwa na swali moja gumu: je, mgeni anayekuja kumtazama sokwe anamsaidia kuishi, au anamletea kifo?

Wenye biashara ya utalii hujibu haraka kwamba bila mgeni hakuna fedha, na bila fedha hakuna askari wa kulinda msitu. Baadhi ya watafiti nao hujibu haraka kwamba kila mgeni ni hatari ya maradhi. Wote wana hoja, ila wote wanatazama mahali pamoja: zile mita chache kati ya mgeni na mnyama. Ushahidi uliokusanywa kwa zaidi ya miaka 60 unaonyesha kwamba mengi zaidi huamuliwa nyuma ya mlima, katika miombo ileile inayoonekana kutoka dirisha la treni.

Mlima na mvua yake

Tabora iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,200 kutoka usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Tanganyika uko chini zaidi, karibu mita 770, na kilindi chake kinashuka hadi mita 1,470 au zaidi. Ni ziwa la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi. Milima ya Mahale imesimama wima ukingoni mwa maji hayo, na kilele chake cha Nkungwe kina mita 2,462. Anayesimama ufukweni akainua macho anatazama karibu mita 1,700 za mlima juu ya kichwa chake.

Ukuta huo ndio unaotengeneza msitu. Upepo wenye unyevu unaotoka ziwani hugonga mlima, hupanda, hupoa na kushusha mvua. Kasoge, upande wa magharibi wa Mahale, hupata milimita 1,800 hivi kwa mwaka, karibu mara mbili ya mvua ya Tabora. Kwa hiyo upande wa ziwani una msitu mzito usiopukutika, vijito vinavyotiririka hata kiangazi, na mitambaazi minene inayopanda hadi vileleni mwa miti. Upande wa mashariki, mlima uleule unaangalia miombo mikavu. Juu kabisa kuna mianzi na nyasi za mlimani.

Wanyama nao wamegawana mlima. Magharibi kuna sokwe, mbega wekundu, kima, nguruwe mwitu na chui. Mashariki wanatembea twiga, nyati, palahala na simba, wanyama ambao mtu wa Tabora angewatarajia Ugalla au Katavi. Hifadhi za Tanzania zinazoweka makundi hayo mawili ndani ya mpaka mmoja ni chache mno. Mahale ina kilomita za mraba 1,613, na mpaka wake unaingia hata ziwani, kwenye ukanda wa maji wa kilomita 1.6 hivi. Humo wanalindwa samaki wa jamii ya perege ambao wengi wao hawapatikani popote nje ya Ziwa Tanganyika. Mlo wa Kigoma, yaani dagaa, migebuka na kuhe, unategemea afya ya maji hayo.

Gombe ni ndogo mno ikilinganishwa na Mahale. Ilipotangazwa hifadhi ya taifa ilikuwa na kilomita za mraba 52 tu: mabonde yenye kuta kali yanayoshuka kutoka ukingo wa Bonde la Ufa hadi ziwani, msitu ukiwa umejificha mabondeni na nyasi zikitawala migongo ya vilima. Udogo huo ndio kiini cha matatizo yake, kama itakavyoonekana.

Waliotazama, na walichokiona

Gombe ilitengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943. Tarehe 14 Julai 1960 alishuka hapo Jane Goodall, Mwingereza wa miaka 26 asiyekuwa na shahada, akiwa na mama yake na mpishi. Kabla ya mwaka huo kwisha alikuwa amemwona sokwe akichukua jani refu la nyasi, akilichomeka kwenye tundu la kichuguu, akingoja, kisha akilitoa taratibu likiwa limejaa mchwa walioling'ata, na kuwala mmoja mmoja. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba kutengeneza na kutumia zana ni sifa ya binadamu peke yake. Mwaka 1968 Gombe ikawa hifadhi ya taifa. Goodall alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na utafiti aliouanzisha unaendelea.

Mahale ilifunguliwa na Wajapani. Toshisada Nishida wa Chuo Kikuu cha Kyoto alipiga kambi Kasoge mwaka 1965, akapanda miwa ili kuwavuta sokwe wamzoee. Mtindo huo wa kuwalisha wanyama uliachwa kabisa Mahale mwaka 1987, baada ya kudhihirika kwamba chakula cha binadamu hubadili tabia zao na kuwakusanya mahali pamoja isivyo kawaida. Mwaka 1985 Mahale nayo ikatangazwa hifadhi ya taifa.

Majina ya wageni ndiyo yanayotajwa mara nyingi, lakini kazi hii isingefika popote bila wenyeji. Gombe, mtu aliyeshuhudia Januari 1974 shambulio la kwanza la kuua kati ya kundi moja la sokwe na jingine, lililofungua uadui wa miaka minne uliomaliza kundi zima, alikuwa Hilali Matama, msaidizi wa utafiti. Mahale, ugunduzi mkubwa kuliko mwingine wowote una jina la Mtongwe aliyekuwa ofisa wa hifadhi na mganga wa mitishamba, Mohamedi Seifu Kalunde.

Mwaka 1987 Kalunde na mtafiti Michael Huffman walikuwa wakimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku. Alikuwa mgonjwa, hana nguvu, analala mchana wakati wenzake wanakula. Akauendea mti ambao Watongwe huuita mjonso, akavunja tawi changa, akamenya gome na majani na kuyatupa, akatafuna kiini cha ndani na kufyonza maji yake machungu. Mjonso si chakula cha sokwe cha kila siku. Kalunde aliufahamu kwa sababu kwao ni dawa ya tumbo, minyoo na homa. Siku iliyofuata Chausiku alikuwa amepata nafuu na kurudia kula. Uchunguzi wa maabara baadaye ulikuta ndani ya mmea huo kemikali zenye uwezo wa kupambana na vimelea. Tukio hilo, lililochapishwa mwaka 1989, limekuwa msingi wa tawi zima la utafiti kuhusu wanyama wanaojitibu, na ufunguo wake ulitoka katika elimu ya mganga wa Kitongwe.

Ukilinganisha Gombe na Mahale unagundua jambo jingine. Ni sokwe wa aina moja, ufuko mmoja wa ziwa, lakini desturi ni mbili. Sokwe wa Gombe hula sana matunda ya michikichi; wa Mahale huipita michikichi iliyoachwa na wanakijiji bila kuigusa. Wa Gombe huvua mchwa kwenye vichuguu; kundi kuu linalotazamwa Mahale huvua sisimizi wakubwa wanaoishi ndani ya matawi. Wa Mahale wanapotoana chawa hukaa ana kwa ana, wakainua kila mmoja mkono mmoja na kushikana juu ya vichwa vyao, huku mkono mwingine ukichambua manyoya ya mwenzake. Gombe desturi hiyo haipo. Mwaka 1999 watafiti wa vituo mbalimbali vya Afrika waliunganisha kumbukumbu zao na kuorodhesha tabia 39 za aina hiyo zinazotofautiana kati ya jamii na jamii. Maana yake kwa uhifadhi ni nzito: kundi moja likifa, hupotea wanyama pamoja na mafunzo ya vizazi ambayo kundi jingine halina.

Mimea ya Mahale inamfaa pia mgeni asiyebahatika kuwaona sokwe. Msitu wa Kasoge umejaa mibungo, mtambaazi wenye matunda ya rangi ya chungwa yanayojulikana Unguja na Tanga kwa juisi yake kali. Kwa sokwe wa Mahale, bungo ni chakula kikuu cha msimu. Miezi ya mwisho ya kiangazi, Agosti hadi Oktoba, matunda yanapoiva sehemu za chini, makundi hushuka karibu na ziwa na mgeni hupanda kidogo tu. Masika yakianza hutawanyika, na kuwatafuta huwa kazi ya siku nzima.

Kikohozi cha mgeni

Ukaribu wa nasaba unaomfanya sokwe apendeze kumtazama ndio unaomfanya aambukizwe kirahisi. Mwaka 1966 ugonjwa uliofanana na polio uliingia Gombe, wakati polio ilipokuwa vijijini jirani. Sokwe kadhaa walipooza, wengine wakafa, na watafiti wakalazimika kuwapa chanjo ya matone ndani ya ndizi. Miaka ya 1987 na 1996 maradhi ya mapafu yalivamia Gombe na kuua. Mwaka 2006 ikawa zamu ya Mahale: ugonjwa unaofanana na mafua uliingia katika kundi lililokuwa na sokwe 65 hivi, na wapatao 12 wakafa au hawakuonekana tena. Vipimo vya vinyesi vya sokwe wagonjwa wa Mahale vilionyesha virusi vya njia ya hewa vyenye nasaba na vile vya binadamu.

Kwa binadamu hayo ni mafua ya kumlaza mtu siku tatu. Kwa sokwe ni hesabu nyingine. Jike hapati mtoto wa kwanza hadi afikishe umri wa miaka 13 hivi, na baada ya hapo huzaa mara moja katika miaka mitano au sita. Kundi likipoteza wanyama 12 ndani ya wiki chache, pengo hilo huhitaji miongo kuzibwa, kama litazibwa.

Masharti yaliyowekwa yanatokana na historia hiyo. Mgeni wa Mahale huvaa barakoa mbele ya sokwe, hukaa umbali wa mita 10, hutazama kwa saa moja tu, na kikundi hakizidi wageni sita kwa wakati. Mwenye mafua hapandi mlima. Ni masharti mazuri kwenye karatasi, lakini msituni yana adui wawili. Wa kwanza ni sokwe mwenyewe: aliyezoea watu hupita kwenye njia ileile nyembamba, hatua mbili kutoka kwa mgeni, bila kujali kipimo cha mita. Wa pili ni gharama. Aliyesafiri kutoka Ulaya, akalipia ndege ndogo na kambi ya kitalii, haelekei kukiri asubuhi ya siku yake ya mwisho kwamba koo linamkereketa. Kumrudisha mtu kama huyo kunamtaka mwongozaji mwenye kauli, anayejua kwamba wakubwa wake watamuunga mkono.

Je, basi wageni wafungiwe mlango? Utafiti maarufu kuhusu suala hili ulitoka msitu wa Taï, Ivory Coast, mwaka 2008. Ulithibitisha kwamba virusi vya binadamu viliua sokwe waliozoeshwa watu. Utafiti huohuo ulionyesha kwamba karibu na kambi za watafiti wanyama walikuwa wengi zaidi kuliko mbali, kwa sababu majangili huogopa mahali penye macho. Mgeni na mtafiti wanaua kwa kikohozi na wanaokoa kwa kuwepo. Hoja ya kufunga milango inasahau nusu ya pili, na hoja ya kuongeza wageni bila kikomo inasahau nusu ya kwanza.

Walioondoka Kasoge

Kuna kundi jingine lisilotajwa sana kwenye vipeperushi. Kasoge haikuwa pori tupu. Watongwe na Waholoholo waliishi chini ya Nkungwe, wakalima, wakavua, na kuuheshimu mlima kama makao ya mizimu. Katikati ya miaka ya 1970, enzi za Operesheni Vijiji, walihamishwa, na hifadhi ilipotangazwa mwaka 1985 hapakuwa na njia ya kurudi. Mgeni mwenye jicho bado huona alama: miembe, milimau na mipera katikati ya msitu, ambayo sokwe wenyewe wamejifunza kuila matunda.

Uhamisho huo uliacha deni. Elimu ya mjonso ilitoka kwa watu hao, njia za mlimani zilichongwa na miguu yao, na wengi wa wafuatiliaji wanaotoka alfajiri kuwatafuta sokwe, kisha kuita waongozaji kwa redio, wanatoka vijiji vya jirani. Ajira ni sehemu ya malipo, lakini ajira za hifadhi isiyo na barabara wala wageni wengi haziwezi kufikia vijiji vyote vinavyoizunguka.

Nyuma ya mlima

Sokwe wote wa Tanzania hawafiki 3,000. Gombe ina karibu 100 tu. Hata ukijumlisha na wa Mahale, wengi wa sokwe wa nchi hii wanaishi nje ya hifadhi za taifa: Masito, Ugalla, milima ya Ntakata na misitu ya Tongwe, katika ardhi ya vijiji, halmashauri na misitu ya akiba. Ugalla ni miongoni mwa maeneo makavu na ya wazi zaidi yanayokaliwa na sokwe popote Afrika. Hapo hawana msitu mzito wa Kasoge. Wanaishi kwenye miombo, wanakwenda mbali kutafuta matunda, na wanategemea vipande vya msitu kandokando ya mito. Hakuna mtalii anayewaona, na hakuna anayewalipia kiingilio.

Ardhi hiyo ndiyo inayoliwa. Urambo ilifyekwa kwanza mwishoni mwa miaka ya 1940 katika mradi wa karanga wa Waingereza uliofeli vibaya, na mashamba yakageuziwa tumbaku. Tangu hapo tumbaku imeifanya Tabora kuwa mkoa wa zao hilo, na mabani ya kuikaushia yanakula kuni za miombo msimu baada ya msimu. Ongeza mkaa, mashamba ya kuhamahama, mifugo inayotafuta malisho, na mahitaji ya kuni ya mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi na Kongo waliopokelewa mkoani Kigoma tangu miaka ya 1990. Gombe imekwisha kuonja matokeo yake. Kufikia miaka hiyo ya 1990, vilima vilivyoizunguka vilikuwa vimebaki vipara, na hifadhi ikawa kisiwa cha msitu. Sokwe wasioweza kwenda kuoa na kuolewa nje ya kisiwa hicho hudhoofika polepole, hata kama hakuna anayewapiga risasi.

Majaribio mawili yanaonyesha kwamba mwenendo huo unaweza kugeuzwa. La kwanza ni TACARE, mpango ulioanzishwa na Taasisi ya Jane Goodall mwaka 1994 katika vijiji vya Kigoma. Badala ya kuanza na sokwe ulianza na maji, afya, mikopo midogo na miche, kisha ukafika kwenye mipango ya matumizi ya ardhi ambamo vijiji vyenyewe vilitenga misitu yao. Katika baadhi ya vilima miombo imechipua upya kutoka kwenye visiki. La pili liko Ntakata, wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Huko vijiji vinauza hewa ukaa iliyohifadhiwa katika misitu yao kupitia kampuni ya Carbon Tanzania, na mabilioni ya shilingi yaliyopatikana yamejenga madarasa na zahanati. Bei ya hewa ukaa hupanda na kushuka sokoni, kwa hiyo si busara kuweka mayai yote hapo. Hata hivyo, msitu wenye sokwe wengi umeingiza fedha kijijini bila mtalii hata mmoja kukanyaga.

Tabora nayo ina hoja yake ya kale: asali. Maua ya miombo ndiyo yanayoipa sifa asali ya Tabora, na mfugaji nyuki ana sababu ya moja kwa moja ya kutaka mti ubaki umesimama. Mwaka 2019 pori la Ugalla, upande wa Tabora, lilipandishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, yenye kilomita za mraba 3,865. Hatua hiyo iliongeza ulinzi wa wanyama, na pia ikabana shughuli za warina asali na wavuvi waliokuwa wakiingia kwa vibali vya msimu. Kosa la Kasoge lisirudiwe kwa jina jipya.

Somo la Bwindi na Virunga

Majirani wamekwisha kulijibu swali la mgeni na mnyama kwa njia yao. Bwindi, Uganda, ilianza kupokea watazamaji wa gorila mwaka 1993. Rwanda ilipandisha kibali cha kumwona gorila hadi dola 1,500 mwaka 2017, na mwaka huohuo ikaongeza mgawo wa vijiji katika mapato ya hifadhi kutoka asilimia 5 hadi 10. Hesabu ya gorila wa milimani imefika 1,063, na mwaka 2018 waliondolewa kwenye daraja la walio hatarini zaidi kutoweka. Wageni wachache, malipo makubwa, madaktari wa wanyama walio tayari, na mgawo unaofika kijijini: huo ndio mchanganyiko uliofanya kazi. Bwindi, daktari wa wanyama Gladys Kalema-Zikusoka aliongeza kiungo kingine kupitia shirika aliloliasisi mwaka 2003, lile la kutibu wanakijiji na gorila kwa mpango mmoja, kwa kuwa ugonjwa hausomi bango la mpaka wa hifadhi.

Hata hivyo, Tanzania haiwezi kunakili yote. Gorila wa milimani wamebanwa katika misitu miwili midogo, Bwindi na Virunga. Karibu kila mmoja anaweza kulindwa na kulipiwa na mtalii. Sokwe wa magharibi mwa Tanzania wametawanyika katika maelfu ya kilomita za mraba, na kuwazoesha wote macho ya watu kungekuwa kuwaandalia maradhi. Kwa hiyo fedha za Gombe na Mahale, pamoja na za kaboni na asali, zinapaswa kuwalinda wale ambao mgeni hatawaona kamwe.

Reli mpya inakuja na nini?

Suala hili sasa linabanwa na muda. Desemba 2022 serikali ilisaini mkataba wa reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506. Safari ambayo msafara wa wapelelezi Waingereza Burton na Speke, uliofika Kazeh, yaani Tabora, Novemba 1857 na Ujiji Februari 1858, uliimaliza kwa wiki nyingi, itakuwa ya saa chache. Kigoma itaacha kuwa mwisho wa dunia kwa Mtanzania wa Dar es Salaam au Dodoma, na hilo ni jema: hifadhi zisizotembelewa na wananchi hukosa watetezi.

Lakini ongezeko hilo lisielekezwe lote kwenye mita 10 mbele ya sokwe. Ukanda huu una mengi ya kupokea watu. Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kuna tembe alilokaa Livingstone. Ujiji pana makumbusho mahali alipokutana na Stanley mwaka 1871. Njia yote ya watumwa na pembe iko tangu mwaka 2006 kwenye orodha ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kwa Urithi wa Dunia. Ardhi oevu ya Malagarasi na Muyovozi, iliyotambuliwa chini ya mkataba wa Ramsar mwaka 2000 kuwa ya kwanza nchini, imejaa ndege wa majini. Ugalla ina viboko, palahala na mto. Ziwani kuna maji safi na samaki wa rangi zote. Msafiri anaweza kukaa wiki nzima kati ya Tabora na Mahale, na saa moja tu ya wiki hiyo ikawa ya sokwe.

Mizani ikipimwa hivyo, jibu la swali la mwanzo linaonekana. Mgeni anafaa, kwa sharti kwamba idadi ya wanaosogea karibu na sokwe isipandishwe kwa sababu tu reli imefika, na kwamba mafanikio ya hifadhi hizi yapimwe kwa ekari za miombo zilizobaki zimesimama kati ya Malagarasi na ziwa, badala ya kupimwa kwa vichwa vya watalii. Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), halmashauri za Uvinza, Kigoma na Tanganyika, na wizara inayohusika zinaweza kuanza na jambo dogo linaloonekana: kutangaza kila mwaka ni kiasi gani cha mapato ya Gombe na Mahale kilifika vijiji vya ushoroba, yaani vilivyo kwenye mapito ya wanyama, kijiji kwa kijiji.

Na msomaji anayepanga safari aende kiangazi, achukue mwongozaji wa kijiji, anunue asali Tabora na dagaa Kigoma, na akiamka siku ya kupanda mlima akiwa anakohoa, abaki ufukweni.